Jina Hili Lina Mwenyewe

Kambi ya Mkonge, Korogwe
3 Agosti 2024

Mpwa wangu Mwanakombo,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika, lakini mgongo wa mkata mkonge ukiacha kulalamika ujue mwenyewe kafa. Ninyi huko Rahaleo mko salama? Miguu ya mama yako inamwacha alale? Mwambie kaka yake yu hai, anakula, na utomvu wa mkonge unamwasha kama kawaida.

Felista, muuza maandazi wa hapa kambini, alikwenda Mtwara msibani akarudi na habari zako. Kwanza, una mimba, unategemea kujifungua mwezi wa kumi. Nimefurahi sana, Mungu akufikishe salama. Pili, unafanya kazi kwa Ruksana, yule mwenye duka la mizani, na kazi yako ni kuandika programu ya kompyuta ya kupimia korosho za vyama vya ushirika. Felista anasema hata mizani ambayo haikuwapo mlipoandika programu, ikichomekwa leo, kompyuta inaifahamu. Nikamwambia hayo ni maneno ya msibani, watu wakikaa sana kwenye mkeka wanaongeza chumvi.

Lakini tangu siku ile nakata majani huku nawaza. Mtu anamfahamuje asiyemfahamu? Mimi nilitoka shule darasa la tano, usinifiche kwa maneno ya wasomi. Niandikie kwa karatasi, simu yangu ni kitochi, haibebi maneno marefu. Mpe kondakta wa basi, anaifikisha.

Felista alinieleza na jambo la tatu. Hilo nitaliacha.

Mjomba wako,
Amiri


Rahaleo, Mtwara
18 Agosti 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui kondakta aliiweka na nini, lakini imefika. Mimi na tumbo langu hatujambo. Mume wangu Salumu anakusalimu. Mama yuko kijijini kwetu Mpapura anapalilia mikorosho, miguu inamuuma na hataki kuambiwa apumzike.

Felista hakukudanganya. Sikiliza. Ile programu kubwa ni kama mwenye nyumba. Haijui mizani hata moja, kweli kabisa. Kinachojua mizani ni vipande vidogo ninavyoandika pembeni, kila aina ya mizani kipande chake. Vitabu vinaviita programu-jalizi, mimi naviita vipande. Mwenye nyumba ameweka masharti tu: yeyote anayekuja ajue kusema jina lake na mizani anayoielewa, ajue kusoma uzito, na akishindwa aseme ameshindwa. Anavyofanya kazi huko ndani, mwenye nyumba haulizi.

Vipande vyote vinakaa kwenye folda moja, nimeiita Wageni. Programu ikiwashwa inaingia humo, inamwamsha mmoja mmoja: wewe nani, unajua nini? Kila mmoja anajitaja, anaandikwa kwenye orodha. Mizani ikichomekwa, mwenye nyumba anatazama orodha: nani anaielewa hii? Ndiyo maana hata kipande nitakachoandika mwakani kitafanya kazi na programu ya mwaka huu. Hakihitaji kufahamika zamani. Kinahitaji kuwapo na kujitaja.

Kuvipa namba kunanichosha, kwa hiyo nimevipa majina ya wazee wetu. Mizani ya zamani ya Mpapura, ile nzito ya chuma, kipande chake nimekiita Saida. Bibi angefurahi.

Sasa jambo la tatu, maana najua Felista kakwambia. Mama anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe Amiri. Nilimkumbusha kwamba katika ukoo wetu jina la aliye hai halipewi mtoto wa nyumba ileile. Akasema, "Nyumba hii haina Amiri." Nikamwambia mjomba yu hai. Akasema, "Yu hai Korogwe."

Wewe ndiye mjomba wa nyumba, wewe ndiye unayetaja majina. Unasemaje?

Mpwa wako,
Mwanakombo


Kambi ya Mkonge, Korogwe
1 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na tumbo nalo lipokee zake. Afya yangu ni ileile ya barua iliyopita, haijapanda wala kushuka.

Barua yako nimeisoma wakati wa kupumzika mpaka uji ukapoa. Kumbe ni hivyo! Mbona ndivyo tunavyoishi hapa? Mnyapara wetu, Elisha, hajui majina ya watu wala hana haja nayo. Alfajiri anapanda juu ya tela anapiga kelele: "Wakataji! Wa korona! Wa kuanika singa!" Korona ni ile mashine ya kusagia majani, na singa ni nyuzi zinazotoka humo. Unanyoosha mkono, unajitaja, unapangiwa mstari. Elisha hajali ulijifunzia wapi kukata.

Juzi kulikuwa na kijana wa watu, mgeni, amekaa kwenye tangi la maji asubuhi yote. Elisha akamkuta.

"Wewe nani?"

"Nilikuja tangu jana, mzee."

"Nimekuuliza nani, sijakuuliza lini."

Tulicheka. Maskini alikuwa anangoja aitwe. Alikuwapo kambini na hakuwapo, siku nzima.

Sasa nataka kujua hili. Jioni mnazima kompyuta. Asubuhi mkiwasha, mwenye nyumba anawakumbuka wale wageni wa jana, au? Maana Elisha hakumbuki. Mimi nimekata mkonge wake miaka kumi na moja, na kila alfajiri nanyoosha mkono kama nimeshuka kwenye basi sasa hivi. Nilifikiri ni ubaya wa Elisha.

Gunia la korosho la mama yako likiwa la katani, alishike vizuri. Labda singa zake zimepita mikononi mwangu.

La jina nimelisikia. Niache nilitafune.

Mjomba wako,
Amiri


Rahaleo, Mtwara
15 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi wazima. Mtoto anapiga teke nikila ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, sijui anaitaka au anaikataa.

Swali lako limemchekesha Ruksana. Nilimsomea pale dukani, akasema, "Huyo mjomba wako mlete, tumweke kaunta." Jibu ni hapana, mwenye nyumba hakumbuki. Orodha inakaa kichwani mwake, akizimwa inapotea yote. Asubuhi anaanza upya na kila mmoja anajitaja upya, hata Saida aliyekuwa wa kwanza kuandikwa. Si ubaya. Orodha ya jana inaweza kudanganya. Huenda kipande kimeondolewa usiku, huenda kimehamishwa. Akiamini ya jana atamwita mtu asiyekuwapo, na mzigo uko juu ya mizani.

Ruksana amemleta mpwa wake Kamran kutoka Mikindani tusaidiane. Mizani mpya za bluu zimefika, yeye anaziandikia kipande. Ni mchangamfu, anakula maembe mabichi juu ya kompyuta. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda Mpapura kuonyesha mbele ya wakulima, kabla msimu haujafunguliwa.

Umemaliza kutafuna? Mama ameshashona kofia ndogo.

Mpwa wako,
Mwanakombo


Rahaleo, Mtwara
30 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na kondakta anaapa hakupewa kitu. Natumaini ni kazi tu, si homa. Siwezi kungoja, ngoja nikueleze aibu yangu.

Jumamosi tulikwenda Mpapura. Ghala limejaa watu, mwenyekiti kavaa kanzu, mama yangu kakaa mbele kabisa na gunia lake, kajipa ukubwa wa shughuli. Ile mizani ya zamani ya chuma ikachomekwa kwenye kompyuta. Gunia likapandishwa, wanaume wawili wakihema. Namba ikatokea: kilo nane.

Mzee mmoja nyuma akamuuliza mama kwa jina lake, "Hawa, umeleta korosho au pamba?"

Watu wakaanguka kicheko. Mama akasimama. "Mwanangu ndiye kaandika hiyo kompyuta, na mimi ndiye nimejaza hili gunia. Mmoja wetu leo atalala bila chakula."

"Pandisha tena!" Wakapandisha. Kilo nane. Ruksana akaninong'oneza, "Mwanakombo, binti yangu, nimeuza mizani tangu sijaolewa, sijaona gunia jepesi hivi." Nilikuwa na tumbo la miezi minane na jasho linanitiririka mpaka miguuni.

Nikakaa chini nikatafuta. Kipande changu hakikuwa na kosa. Cha Kamran pia hakikuwa na kosa. Nikaiambia programu inionyeshe orodha, nani na nani wamejitaja asubuhi ile. Saida yuko mmoja. Cha Kamran sikukiona. Nikamgeukia Kamran.

"Kipande chako umekiita nani?"

"Saida. Uliniambia hapa vipande vinaitwa kwa majina ya wazee. Ni jina la bibi yangu."

Mjomba, kumbe na wao wana bibi Saida! Wa kwetu kazikwa Mpapura, wa kwao kazikwa Mikindani. Wangu alijitaja kwanza, akaandikwa. Wa Kamran akaja nyuma, akajitaja Saida, na mwenye nyumba akamwandika palepale, juu ya yule wa kwanza. Hakugomba, hakuuliza. Kwake jina ni moja, na mwenye jina ni yule aliyesema mwisho. Mizani ya chuma ilikuwa imeandikiwa Saida, kwa hiyo kipande cha mizani za bluu kikawa kinaisoma, na mizani za bluu zinahesabu tofauti, ndiyo maana themanini ikawa nane. Bibi yetu alikuwamo kwenye folda, mzima, anajua kazi yake. Hakuna aliyemwita.

Nimerekebisha. Sasa mtu akija na jina lililokwishaandikwa, programu inasimama na kutoa maneno haya: Jina hili lina mwenyewe. Haiendelei mpaka mtu aamue. Na wale wawili nimewaongezea mahali: Saida wa Mpapura, Saida wa Mikindani. Gunia la mama likatoa kilo themanini na moja, akalipigia vigelegele mwenyewe.

Njiani kurudi nikapata wazo. Nikamwambia mama, tufanye hivyohivyo. Mtoto awe Amiri wa Mpapura, mjomba awe Amiri wa Korogwe. Kila mmoja anabaki na chake. Unaonaje?

Mpwa wako,
Mwanakombo


Kambi ya Mkonge, Korogwe
12 Oktoba 2024

Mwanakombo,

Salamu. Ni mzima. Sikuandika kwa sababu mwiba wa mkonge ulinichoma kiganja ukavimba, kalamu haikushikika. Sasa umepoa. Wewe upo katika siku za mwisho za ujauzito, usibebe ndoo.

Ya pamba nimecheka mpaka wenzangu wakaja kutazama. Nikawasomea, nao wakacheka. Kisha nikaisoma tena peke yangu, nikafika pale pa bibi yako kukaa mzima ndani ya folda hakuna aliyemwita, nikaacha kucheka. Yule ni mama yangu unayemwandika. Na mimi ndiye niliyekuwa, simu yake ikilia, nasema, "Msimu ukiisha, mama."

Umeniomba nijibu la jina, nakujibu. Nilichokuwa natafuna ni hiki: mkimpa mtoto jina langu na mimi sipo, basi nimeandikwa juu. Sitasikia hata kishindo. Siku moja nitakuja Mpapura, mtu atasema "Amiri yuko ndani," atatoka mtoto na kikombe cha uji. Haitakuwa kosa la mtoto. Haitakuwa kosa la mtu yeyote.

Na hilo wazo lako la mahali, najua ulilitoa kwa moyo mweupe. Lakini mimi siitwi Amiri wa Korogwe. Korogwe ni mahali ninapochoka. Hapa hata Elisha hajawahi kuniita hivyo, na yeye ndiye mwenye Korogwe yake. Ukiniandika huko, nani atanifuta?

Siwazuii. Mama yako ana haki, kitu kikikaa bila mtu miaka kumi na moja watu wanakitumia. Nakwambia tu ninavyojisikia, maana umeniuliza mara tatu, na mara ya kwanza nilikimbilia kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa tamu zaidi kuijibu.

Nina swali moja la mwisho. Kile kipande kilichofutwa, kikitaka kurudi, kinafanyaje?

Mjomba wako,
Amiri


Rahaleo, Mtwara
29 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumejaliwa mtoto wa kiume, tarehe kumi na tisa, baada ya adhuhuri. Ana afya, ana sauti, ana nyusi zako zinazokutana. Mimi naendelea vizuri, nakula kama wa kambini.

Barua yako niliipokea nikiwa nimelazwa bado. Nisamehe kwa lile la Korogwe. Nilifikiri kama fundi, sikufikiri kama mtu wa nyumbani.

Siku ya saba tukafanya akika hapa nyumbani. Mbuzi kachinjwa, nywele zimenyolewa, watu wamejaa uani mpaka kwa jirani. Sheikh akamshika mtoto, akauliza, "Jina lake?" Mama akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema, "Jina hili lina mwenyewe."

Watu wote wakasimama kama ile programu. Sheikh akanitazama. Salumu akatazama chini. Mama akaniuliza kwa hasira, "Kwa hiyo mtoto atakaa bila jina?"

"Atakaa, mama. Mwenyewe aulizwe."

"Ameulizwa barua ngapi?"

"Barua si kuulizwa."

Ruksana alikuwa kakaa jikoni na sahani ya pilau. Akasema kwa sauti, "Basi kwa sasa aitwe Mgeni, si ndiye kaingia juzi?" Watu wakacheka, sheikh akasoma dua, shughuli ikaendelea. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mgeni. Salumu anaona haya kidogo, lakini amezoea.

Jioni mama alikuja akakaa pembeni ya kitanda. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Mwandikie kaka yangu. Mwambie jina lake sikulitaka kwa sababu nimemsahau. Nililitaka ili nipate mtu wa kumwita."

Uliniuliza kipande kilichofutwa kinarudi vipi. Mjomba, mimi siwezi kukirudisha kwa kukiandika kwenye orodha, orodha yangu ikizimwa inakuwa tupu. Kinarudi chenyewe. Asubuhi programu inapowashwa kinakuwa mahali pake, kinaulizwa kama wengine, kinajitaja. Hakitakiwi kueleza kilikuwa wapi. Wala hakuna anayekagua kimekuja na nini mkononi.

Kitanda cha uani kimetandikwa.

Mpwa wako,
Mwanakombo


Mingoyo, njiani
16 Novemba 2024

Mpwa wangu Mwanakombo,

Salamu nitakupa kwa mdomo, na hali yangu utaitazama mwenyewe. Basi limesimama hapa Mingoyo, watu wanakula, mimi naandika juu ya goti. Barua hii haipiti kwa kondakta. Nitakaa nayo mfukoni nikupe mwenyewe, maana kuna mambo nikifika sitayasema, najijua.

Nilimuaga Elisha juzi alfajiri. Alikuwa juu ya tela lake. Akasema, "Amiri, kesho nitaita wakataji, na hakuna atakayejua kama ulikuwapo." Nikamwambia, "Ndiyo maana naondoka, mzee." Akacheka, akanipa mkono. Ni mara ya kwanza nimemsikia akilitamka jina langu.

Sina mzigo wa kuonyesha. Nina begi moja, na kamba ndogo ya katani niliyosokota mwenyewe, ya kufungia neti ya mtoto. Misimu yote niliyokawia, nilikuwa nangoja nije na kitu. Ulipoandika kwamba hakuna anayekagua mkononi, niliisoma sentensi hiyo nikiwa shambani nikakaa chini katikati ya mstari, na Elisha akanipigia kelele, na sikuinuka.

Abiria wa pembeni, mama mmoja wa Chuno, ananiuliza naandika nini na safari imebaki kidogo hivi. Nimemwambia naandika namna ya kupiga hodi. Kasogea mbali nami kidogo.

Sasa sikiliza ombi langu, ingawa utalisoma limekwishapita. Nitafika mlangoni kwako, nitapiga hodi. Nawe utaniona kwenye upenyo, utataka kupiga kelele na kufungua. Natamani usifanye hivyo. Mchukue mtoto, mkae naye karibu na mlango, mama yako naye awepo. Halafu ulizeni kama programu yenu inavyouliza: nani?

Nitalitaja jina langu kwa sauti, mara moja, mtoto akiwa anasikia. Likishakaa langu, nitampa.

Mjomba wako,
Amiri, wa Mpapura